Redio ya gari la 1997: nianze na spika, redio au amplifaya?

Mtoto wa Dereva

Habari zenu wakuu. Naomba ushauri wa watu waliowahi kuifanya kazi hii kwa mikono yao.

Nina gari dogo la Kijapani la mwaka 1997, lilikuwa la baba. Alilitumia miaka 18, na muda wote huo redio ilikuwa hiyohiyo iliyotoka nalo kiwandani: ya kaseti, vitufe vipana, taa ya kijani. Kitufe cha sauti maandishi yake yamefutika kwa kidole chake. Sasa gari ni langu na sina mpango wa kuliuza, injini bado inaitika mara moja tu nikigeuza funguo. Redio ndiyo imechoka. Kaseti ikiingia inatafunwa. FM yake inaanzia 76 na kuishia 90, kwa hiyo stesheni nyingi siwezi kuzifikia kabisa. Nimekuwa nikitumia kile kirusha mawimbi kidogo cha kuchomeka kwenye tundu la kiwashia sigara, nakiweka 88 ili redio ikidake, na simu naiunganisha kwa waya huku inachaji hapohapo. Inasikika, ila kuna mluzi mwembamba unaopanda nikikanyaga mafuta na kushuka nikiachia.

Wiki iliyopita nilifungua kava la mlango wa kushoto. Karatasi ya spika imekauka na kupasuka, mpasuko unaanzia katikati mpaka ukingoni. Ya kulia karatasi ni nzima ila sponji ya pembeni ukiigusa inabaki unga kidoleni. Nyuma ya redio ndiyo nikaogopa zaidi: nyaya tatu zimekatwa, zikasokotwa na nyingine, zikafungwa tepu ambayo gundi yake imeyeyuka. Nadhani ni wakati ule baba alipofungiwa kengele ya wizi.

Ninachotaka: muziki wa simu bila kuhangaika, na mtu akizungumza nielewe kila neno nikiwa mwendo wa 80. Napenda muziki wa magitaa na tarumbeta, na gitaa la besi nataka nilisikie linatembea. Sihitaji kutikisa vioo. Fundi mmoja kaniambia nitafute amplifaya (kikuza sauti) ya wati 1000 na sabufa (spika kubwa ya besi), mengine yatajipa yenyewe. Mwingine kasema redio mpya peke yake inatosha. Hela yangu haitoshi vyote kwa mara moja. Nianzie wapi?

Besi Nzito

Dada, mimi niko na huyo fundi wa kwanza, ingawa wati 1000 kaongeza chumvi. Spika za milango haziwezi kutoa besi ya maana, na redio ikilazimishwa kuzisukuma zinaanza kukwaruza. Ukiweka sabufa ndogo ya inchi 8 chini ya kiti, spika za mbele zinapumzika, zinabaki na sauti za watu na magitaa. Nilifanya hivyo kwenye gari langu la 2001 na sijutii.

Kipimo Kwanza

Kabla hujanunua redio yoyote, pima tundu la dashibodi kwa rula. Redio za kawaida duniani zina upana wa milimita 180, kimo 50 kwa ndogo na 100 kwa ile ya ghorofa mbili. Baadhi ya magari ya Kijapani ya enzi hizo tundu lake lina upana wa milimita 200. Ukinunua ya 180 utabaki na nafasi ya sentimita moja kila upande, na utahitaji vipande vya plastiki vya kuziba pembeni. Redio za milimita 200 zipo pia, zinaingia bila pengo. Pima na kina, kwa sababu magari mengine nyuma ya redio kuna bomba la hewa ya kipoza na redio ndefu haifiki mwisho.

Na tafadhali usikate soketi ya kiwandani. Kuna plagi za kati, upande mmoja unaingia kwenye soketi ya gari, mwingine unaunga na nyaya za redio mpya. Ukitaka kurudisha redio ya baba siku moja, unachomoa na kuchomeka tu.

Mzee Lehemu

Mwanangu, nimesoma swali lako mara mbili, kwa sababu umeeleza vizuri kuliko wengi wanaokuja hapa. Nimefunga redio na spika za magari kwa miaka zaidi ya 30, mengi yakiwa magari ya umri kama wa lako. Acha amplifaya kwanza. Acha hata redio. Anza na milango.

Fanya jaribio hili, halina gharama. Chukua spika yoyote iliyotolewa, iunganishe na redio kwa waya, ishike mkononi hewani. Utasikia sauti nyembamba, kama mtu anaongea kwenye simu. Sasa kata tundu la ukubwa wake kwenye boksi gumu la karatasi au ubao, ikalishe hapo, ibane. Besi inatokea papo hapo, spika ileile, redio ileile. Sababu ni kwamba karatasi ya spika ikisukuma hewa mbele, nyuma inavuta. Mawimbi ya mbele na ya nyuma yakikutana yanauana, na yanayouawa zaidi ni ya besi kwa sababu yanapinda na kuzunguka kirahisi. Ubao unayatenganisha. Kwenye gari, ubao huo ni mlango wako.

Sasa mlango wa gari la 1997 ukoje? Ukitoa kava unaona bati la ndani lenye matundu makubwa, mengine unaingiza mkono mzima, yamefunikwa na nailoni ambayo gundi yake imeshakauka. Yaani spika imefungwa kwenye kitu chenye madirisha. Unaweza kuiwekea amplifaya ya bei yoyote, besi itaendelea kujiua ndani ya mlango, na bati litaanza kulia pamoja nayo.

Kwa hiyo: toa nailoni, futa gundi ya zamani na spiriti, kisha ziba yale matundu makubwa kwa karatasi nzito za lami-mpira zenye foili ya alumini juu. Pale penye tundu kubwa sana weka kwanza kipande cha plastiki ngumu au bati jembamba, ndipo ufunike. Bandika vipande vingine kwenye bati la nje la mlango, nyuma ya spika. Si lazima ulifunike lote, robo mpaka nusu inatosha kulinyamazisha. Gonga kwa kifundo cha kidole kabla na baada. Kabla linalia kama debe. Baada linajibu kama ubao wa meza. Mikandamizo ifanye na roli ndogo au mpini wa bisibisi, bati likiwa kavu na lenye joto, maana ikibandikwa kwenye vumbi itang'oka.

Matundu madogo yaliyo chini kabisa ya mlango USIYAZIBE. Maji ya mvua hupita kwenye kioo na kushuka ndani, huko ndiko yanakotokea. Nimewahi kupokea mlango uliozibwa na mtu mwenye bidii, ulikuwa na maji ya kufika kifundoni na bati limeoza pembeni.

Spika zenyewe sasa. Redio ukinunua itaandikwa wati 50 mara nne. Usiitegemee hiyo namba. Tazama fyuzi nyuma yake: kwa kawaida ni ya ampea 10. Injini ikiwaka umeme wa gari ni kama volti 14.4. Zidisha, unapata wati 144 zinazoingia. Zitatokaje 200? Na sehemu kubwa inapotea kama joto. Nguvu ya kweli ya kuendelea ni kama wati 18 hadi 22 kwa kila spika. Zinatosha kabisa kwa unachotaka, mradi uchague spika nyepesi kusukumwa. Usiangalie wati zilizoandikwa kwenye boksi, angalia usikivu wake kwa desibeli, yaani inavyopaza sauti kwa nguvu ileile. Spika ya 90 ikilinganishwa na ya 87, hizo desibeli 3 ni sawa na kuongeza nguvu ya redio mara mbili, bila kulipia chochote zaidi. Chukua zile ambazo twita, ile spika ndogo ya sauti nyembamba, imetengana na spika kubwa kama dashibodi au kona ya kioo ina pa kuiweka. Maneno ya mtu yanayotoka karibu na goti huwa hayaeleweki, twita ikipanda juu yanakuja mbele ya uso.

Kabla hujatoboa chochote, teremsha kioo mpaka chini kabisa na upime nafasi kati ya bati na kioo. Sumaku ya spika mpya ikiwa nene itakigonga. Dawa yake ni pete ya kuinua spika. Ukiitengeneza kwa plaiwudi, ipake rangi ya mafuta pande zote pamoja na ndani ya matundu ya skrubu, vinginevyo itavimba kwa unyevu.

Na chanya na hasi. Nyaya za zamani rangi zake zimefifia. Chukua betri ndogo ya volti 1.5, gusa nyaya za spika kwa sekunde moja. Karatasi ikisogea nje, waya ulioguswa na chanya ya betri ndio chanya. Spika moja ikiwa kinyume na mwenzake, kila moja utaisikia nzuri peke yake, ila zikipiga pamoja besi inapotea na sauti haina mahali ilipo.

Kabla ya kazi yoyote nyuma ya dashibodi, fungua kwanza kichwa cha hasi cha betri. Gari la 1997 linaweza kuwa na mfuko wa hewa kwenye usukani. Plagi zake ni za njano, usizichomoe wala usizipime.

Kuhusu huo mluzi, chomoa chaja ya simu uache simu itumie betri yake. Niambie kama unabaki.

Mtoto wa Dereva

Shikamoo mzee. Nimejaribu jioni hii. Bila chaja mluzi umepungua sana, ila haujaisha. Nikiwasha taa kubwa unarudi kidogo.

Na nimefanya lile jaribio la boksi. Nilimwita na mdogo wangu aje asikie. Sikujua kabisa.

Mzee Lehemu

Marahaba mwanangu. Basi una mambo mawili. Chaja na kirusha mawimbi vinapokula umeme kwenye tundu moja huku waya wa sauti unaviunganisha, kelele ya altaneta, ile inayochaji betri injini ikiwaka, inapata njia ya kuingia kwenye muziki. Hiyo itaondoka ukipata redio yenye Bluetooth. Hiyo iliyobaki ni hasi ya redio, ule waya mweusi unaofungwa kwenye bodi ya gari, haushiki vizuri, na usipoirekebisha itahamia kwenye redio mpya.

Una multimita, kile kipima umeme? Washa gari, washa taa, ongeza sauti. Weka ncha moja kwenye kichwa cha hasi cha betri, nyingine kwenye waya mweusi wa redio pale nyuma. Inatakiwa isome karibu na sifuri. Ukiona nusu volti, hasi yako imeoza mahali.

Besi Nzito

Mzee, nakubaliana nawe kwenye milango, mimi yangu niliipiga lami baadaye na kweli nililazimika kupunguza sabufa. Lakini huoni spika za inchi 6 na nusu zitachoka zikiachiwa besi yote?

Mzee Lehemu

Zitachoka, ndiyo, kama redio itazipelekea kila kitu. Redio nyingi za sasa zina kichujio ndani ya menyu. Kama huna sabufa kiweke chini, hezi (mitetemo kwa sekunde) 50 au 60 hivi, kinazuia zile sauti za chini kabisa ambazo spika ya mlango inajitingisha bure bila kuzitoa. Siku ukiongeza sabufa unakipandisha 80 na hizo za chini unaiachia sabufa. Kwa hiyo hujakosea ndugu yangu, ni mpangilio tu. Sabufa ni hatua ya mwisho, na kwa muziki wa huyu binti huenda asiihitaji.

Ila yeyote atakayefika huko: waya mkubwa wa chanya unaotoka kwenye betri lazima uwe na fyuzi ndani ya sentimita 45 kutoka betri, kabla haujapita popote. Na pale unapopenya bati la kati ya injini na sehemu ya abiria, uvalishe mpira. Bati hukata ganda la waya polepole kwa mtikisiko, na waya usio na fyuzi ukigusa bodi, gari linaungua. Kazi iliyofanywa bila hiyo fyuzi nairudisha mwanzo, hata mwenye gari akinuna. Mkitafuta waya, ulizeni pia kama ni shaba tupu au alumini iliyopakwa shaba. Ya pili ni nyepesi na rahisi, lakini inapitisha umeme mdogo kuliko shaba tupu kwa unene uleule.

Jirani wa Gereji

Samahani kwa kudandia. Mimi langu ni la 1979, spika mbili tu, na nimekuta nyaya za hasi za spika zote zimefungwa kwenye bodi. Redio mpya itakubali?

Mzee Lehemu

Usiunge hivyo hata kwa kujaribu. Redio za zamani zilikubali spika zishirikiane hasi kwenye bodi. Redio za leo zinasukuma nyaya zote mbili za kila spika, hata ule wa hasi una umeme wake. Ukiugusisha na bodi au na mwenzake, chipu ya ndani inaungua. Vuta nyaya mbili mpya kwa kila spika. Kwa gari la spika mbili ni kazi ya mchana mmoja.

Mtoto wa Dereva

Wakuu, nimerudi baada ya wiki tatu na kazi imefanyika. Nimeifanya na mdogo wangu, fundi alikuja mara moja tu kutusaidia kung'oa fremu ya dashibodi.

Hasi kwanza. Multimita ilisoma 0.6. Nikaufuata ule waya mweusi mpaka kwenye skrubu moja chini ya dashibodi iliyokuwa imebana kwenye bati lenye rangi na kutu. Nikapiga msasa mpaka bati likang'aa, nikaweka kichwa kipya cha kubana kwa koleo, nikakaza, nikapaka grisi juu yake. Ikasoma 0.02. Mluzi haupo. Sikuwa nimebadilisha kitu kingine chochote, redio ilikuwa bado ya baba, na nilikaa ndani ya gari nimezima muziki, nakanyaga mafuta tu, nasikiliza kimya.

Milango ilituchukua Jumamosi mbili. Mlango wa kulia tulikuta nyaya za spika zimekatika ndani ya ule mpira wa bawabani, pale unapojikunja kila mlango ukifunguliwa. Tumevuta mpya. Pete za plaiwudi nimezipaka rangi mara mbili. Twita ziko kwenye kona za vioo. Mlango sasa ukifungwa unatoa sauti nzito, mama alidhani nimebadilisha gari.

Redio ni ya upana wa 200, imekaa bila pengo. Lile gitaa la besi mzee, nalisikia likipanda na kushuka. Na nilipoweka mazungumzo kwenye mwendo wa 80 nilisikia hata mtu akivuta pumzi kabla ya kuongea.

Shida moja imebaki. Gari likilala siku tatu bila kuwashwa, betri inakuwa haina nguvu ya kuzungusha injini. Haikuwa hivyo zamani. Nilipofika kwenye zile nyaya zilizokatwa, waya wa funguo, ule unaopata umeme funguo ikigeuzwa tu, sikuuona, kwa hiyo waya wa njano na mwekundu wa redio nimeviunga pamoja kwenye umeme wa moja kwa moja. Redio naizima kwa kitufe.

Mzee Lehemu

Hapo ndipo betri inapoenda. Wa njano una umeme muda wote, unalisha redio na kutunza kumbukumbu, na redio ikilala unakula kidogo mno. Mwekundu ndio unaiambia redio kwamba gari liko hai. Ukiviunga pamoja redio hailali, hata ukiizima usoni, ndani inabaki macho. Zima kila kitu, fungua hasi ya betri, weka multimita kwenye ampea katikati ya kichwa na betri, subiri kama nusu saa ili vifaa vingine vilale. Mlango ukiwa wazi bonyeza swichi yake ili taa ya ndani izime. Gari zima halitakiwi kuzidi ampea 0.05.

Kisha tafuta waya wenye volti 12 funguo ikiwa hatua ya kwanza, na sifuri ukiitoa. Utakuwa mmojawapo wa wale watatu waliosokotwa na kengele.

Mtoto wa Dereva

Ilisoma 0.38. Kwa betri yangu ya ampea-saa 45, siku tatu ni zaidi ya nusu yake, nimepiga hesabu mwenyewe.

Waya nimeupata. Ulikuwa ndani ya fundo la tepu, rangi ya kijivu, na upande mmoja ulikuwa umekatwa kwa kisu. Nimeutenga na kengele, nikaupiga lehemu na ule mwekundu wa redio, nikavalisha mpira wa kubana kwa joto. Imeshuka mpaka 0.02. Gari limelala kuanzia Jumatano mpaka Jumatatu, leo asubuhi limewaka mara moja.

Redio ya baba nimeisafisha na kuifunga kwenye boksi la hii mpya. Soketi yake haijakatwa hata waya mmoja.